Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya Mombasa: msinunue kipimo kwa kusoma boksi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Kaunti, maafisa wako wakuu, wanakamati wa tenda, na wakubwa wa maabara zetu kuanzia Mvita mpaka Likoni na Jomvu,

Assalam aleikum, na wasiosalimiwa hivyo, hamjambo.

Sitaki kuwachosha manake najua barua kama hii mwaisoma kwa simu mkiwa mkutanoni. Ombi langu ni moja. Kabla kaunti haijanunua kipimo cha maradhi yoyote, na kabla hamjaacha kipimo cha zamani kiendelee kutumika ati kwa sababu kilikuweko, pawe na mtu amekaa akasoma tafiti zote zilizokijaribu kipimo hicho, zikajumlishwa vizuri, halafu hesabu ikapigwa kwa homa za hapa Mombasa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi na mwenye kuuza boksi isiwe ndo ushahidi wenu wa pekee.

Nianze na taifodi, manake hapo ndo pameoza zaidi. Mimi ni mtu wa maabara. Fomu zaja asubuhi mpaka jioni, nyingine hazina hata maelezo ya mgonjwa, zimeandikwa tu malaria na Widal (kile kipimo cha taifodi), mtu ana homa, kichwa chauma, tumbo lajisokota, basi ashapelekwa huko. Kwa wale ambao hamjawahi kuiona ikifanywa: unachukua kigae cheupe, unadondosha seramu (maji ya damu) ya mgonjwa, juu yake tone la antijeni (vipande vya mdudu wa taifodi), ile ya O rangi ya buluu na ile ya H nyekundu, unachanganya na kijiti halafu unakitikisatikisa kigae kama dakika moja ukiangalia kama kuna vipunje vinagandana. Sasa hapo chini ya taa ya lebu unaona vipunje, ukisogea dirishani huvioni tena, mwenzako aliye kando yako asema hiyo ni 1:80, wewe wasema 1:160 (namba ya pili ikiwa kubwa, kingamwili ni nyingi), na huko nje mama wa watu yuko kwa benchi angoja karatasi ambayo itaamua kama atanunua dawa za kumeza au atadungwa sindano siku kadhaa. Karatasi ikishatoka na neno "positivu" hakuna anayeuliza ule mvutano wa dirishani.

Kipimo hicho ni cha 1896, cha daktari Mfaransa anaitwa Widal. Hakimtafuti mdudu, chatafuta kingamwili, na kingamwili hizo mtu aweza kuwa nazo kwa sababu aliugua zamani akapona, au alichanjwa, au ameambukizwa salmonela (jamaa za mdudu wa taifodi) wa aina nyingine kabisa. Kila mtu wa maabara alifundishwa haya chuoni. Na bado twapima, manake yaombwa, na yaleta pesa, nisiwafiche.

Mtasema sawa, basi tununue vile vipimo vya haraka vya kisasa. Haya. 2017 Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaojumlisha tafiti za afya, walitoa uchambuzi wao wa vipimo vya haraka vya taifodi, wakakusanya tafiti 37 wakazijumlisha. TUBEX, ambacho ni kimojawapo kinachojulikana sana, kwa wastani kiliwagundua watu 78 katika kila 100 wenye taifodi kweli, na katika kila 100 wasiokuwa nayo kiliwaachia 87 waende salama. Vyengine havikuwa mbali na hapo. Uamuzi wao ulikuwa kwamba hakuna hata kimoja kinachofaa kuchukua nafasi ya kuotesha damu, yaani kuilea damu ya mgonjwa maabara mpaka mdudu mwenyewe aote aonekane.

Ukisikia 78 na 87 waona si mbaya, mtihani ungekuwa umefaulu. Hebu ipigeni hesabu kwa watu. Chukua wagonjwa 1,000 wenye homa, tuseme wenye taifodi kweli ni 20 (namba ya mfano hiyo, nitaeleza kwa nini ndo swali kubwa). Kipimo kitawapata kama 16, wanne kitawapoteza. Waliobaki ni 980 ambao hawana taifodi, na kipimo kinawasingizia 13 katika kila 100, hao ni kama 127. Kwa hivyo watu 143 watatoka na karatasi ya taifodi na wenye taifodi kati yao ni 16. Wengine wote watameza antibayotiki bure bilashi, na kile kilichowaletea homa kiko palepale, yaweza kuwa dengi, yaweza kuwa nimonia, yaweza kuwa figo. Lakini kama kati ya hao 1,000 wenye taifodi wangekuwa 200, kipimo kile kile, boksi lile lile, positivu zingekuwa 260 na 156 kati yake za kweli. Kipimo hakijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni watu walioletwa kwenye kile kiti cha kutolea damu.

Ndo maana nauliza, homa za Kisauni na Changamwe taifodi ni ngapi? Kuna utafiti wa hapa hapa Kenya ulichapishwa 2012, walilinganisha Kibera na Lwak kule Siaya, Kibera wakapata visa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka na Lwak 29. Nchi moja, wizara moja, namba moja imezidi nyingine mara nane. Mombasa tuko wapi kati ya hizo mbili? Mtaa wenye maji ya mfereji na mtaa wa maji ya mkokoteni si sawa, twajua sote, sasa kwa nini karatasi ya maabara isomwe sawa?

Sasa nije kwenye kujumlisha kwenyewe, manake kuna watu wafikiri ni kuchukua asilimia za tafiti kumi ukagawanya kwa kumi. Ingekuwa hivyo hata mimi ningefanya kwa simu nikiwa ferini. Shida ya kwanza ni kwamba tafiti hazilingani uaminifu. Kuna ile ya mtu kuchukua wagonjwa mahututi ambao washajulikana wana taifodi, upande wa pili akaweka wanafunzi wazima au watu waliokuja kutoa damu, halafu akatangaza kipimo chake kinatofautisha vizuri ajabu. Kitakosaje kutofautisha! Hata macho yangetofautisha. Kazi ya kipimo ni kumtenga mwenye taifodi na mwenye dengi walioketi benchi moja na homa ile ile. 1999 watafiti Lijmer na wenzake walionyesha kwamba tafiti za namna hiyo, za wagonjwa wa wazi dhidi ya wazima wa wazi, zakipaisha kipimo vibaya sana, karibu mara tatu kwa ile hesabu wanayoita odsi reshio. Na namba za kwenye maboksi nyingi zatoka kwenye majaribio ya mwenye bidhaa mwenyewe, madogo, na ukitaka kujua wagonjwa walichaguliwa vipi karatasi haikwambii.

Kwa hiyo kabla hata ya kujumlisha, utafiti wahojiwa. Kuna utaratibu waitwa QUADAS-2, wa 2011, wauliza mambo manne: wagonjwa walipatikana vipi, aliyesoma kipimo alikuwa ashajua jibu au hajui, hicho walichokichukua kama ukweli wa kulinganishia ni ukweli kiasi gani, na kuna watu walipotelea njiani au vipimo viwili vilipishana siku ngapi. Maswali ambayo mama yeyote wa Kongowea anayenunua tambi za jumla angeuliza kwa namna yake, lakini kwenye tenda za vipimo sijawahi kuyaona.

Shida ya pili ni kiwango, yaani kingamwili ziwe nyingi kiasi gani ndo useme positivu. Mmoja asema Widal ni positivu kuanzia 1:80, mwengine 1:160, mwengine 1:320. Wavuvi waelewa haya bila kufundishwa: juya la macho madogo halibakishi kitu, lakini lakuletea na vitoto na majani na takataka, ukipanua macho wapata samaki safi na wengi wamekuponyoka. Kwa hivyo utafiti mmoja ukitoka na uwezo mkubwa wa kugundua na mwengine na uwezo mkubwa wa kuwaachia wazima, huenda wala hawapingani, wametumia macho tofauti. Ukizijumlisha namba mbili hizi kila moja peke yake umeharibu, manake moja ikipanda nyingine yashuka. Wataalamu wana modeli zao zinazozibeba zote mbili pamoja, ya Rutter na Gatsonis ya 2001 na ya Reitsma na wenzake ya 2005, zote ziko kwenye programu za bure siku hizi. Siwaambii nyinyi mzifanye. Nawaambia mkiletewa ripoti, muulize zilitumika au mtu aligawanya kwa kalkuleta.

Mwaona namna hii ya kusoma yafaa nini? Chukueni vipimo vya damu vya TB, vile vya kutafuta kingamwili. Viliuzwa sana, India hasa, kwenye maabara za binafsi. Watafiti walipokuja kukusanya tafiti zote, zaidi ya 90, wakakuta uwezo wa kugundua unaruka kutoka 0 mpaka 100 kwa mia, yaani utafiti huu wasema kinagundua kila mgonjwa, ule wasema hakigundui hata mmoja. Julai 2011 WHO ikasema wazi visitumike, na haikuwa kawaida yao kwenye TB kukataa kitu namna hiyo, na 2012 India ikavipiga marufuku. Kila utafiti ukiusoma peke yake ungepata mmoja wa kukutetea, ni pale vilipowekwa mezani pamoja ndo uozo ulionekana.

Na kujumlisha si kazi ya kukataa tu. GeneXpert, ile mashine inayotafuta vinasaba vya mdudu wa TB kwenye makohozi, ilipita kwa njia hiyo hiyo. Uchambuzi wa 2014 ulikusanya tafiti 27, ikagundua 89 kwa mia na kuwaachia 99 kwa mia, safi. Lakini ndani yake mna kitu ambacho daktari wa wodi akihitaji kuliko hiyo 89: wale ambao makohozi yao kwenye darubini hayakuonyesha kitu, iligundua 67 tu katika kila 100. Kwa hivyo kijana amekonda, akohoa mwezi, ana virusi, GeneXpert imetoka negativu, usimwambie nenda nyumbani huna TB. Siku hizi kuna Ultra, toleo jipya la GeneXpert, ambayo inagundua zaidi, sawa, na yenyewe yasingizia zaidi kidogo, hasa waliowahi kuugua TB zamani. Yale yale ya macho ya juya.

Malaria sasa. Vile vikaseti vyetu vya kawaida vya kupima kwa tone la damu, uchambuzi wa 2011 wa tafiti 74 uliviweka karibu 95 kwa 95, yaani kugundua 95 na kuwaachia 95 katika kila 100. Vizuri sana. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa 2020 ulikuta watoto wenye vimelea kanda ya ziwa ni 19 kwa mia, na pwani 5 kwa mia. Nitazitumia hizo kama mfano, ingawa wenye homa waliokuja kliniki si sawa na watoto waliopimwa nyumbani. Watu 1,000 wa kanda ya ziwa: positivu kama 219, za kweli 180. Watu 1,000 wa pwani: positivu kama 93, za kweli 47, nusu kwa nusu, na baadhi ya hizo zisizo za kweli ni mtu alitibiwa wiki zilizopita, protini ya kimelea bado yazunguka kwenye damu. Lakini geuza upande wa pili, negativu. Hapa pwani kati ya hao watakaoambiwa hawana malaria, ambao ni zaidi ya 900, wenye malaria hawazidi watatu. Watatu! Na bado watu wapewa dawa ya malaria wakiwa na karatasi ya negativu mkononi, ati "kipimo chaweza kukosea, meza tu". Chaweza kukosea ndio, lakini kwa namba za huku negativu ndo kitu cha kuaminika zaidi kilichoko kwenye hiyo kliniki. Hili peke yake likiandikwa kwenye ukuta wa kila chumba cha daktari litaokoa dawa nyingi.

Ila msifunge faili mkadhani mmemaliza. Kimelea chenyewe hubadilika. Eritrea walikuta wagonjwa wa malaria ambao kikaseti chasema hawana kitu, kumbe vimelea vimepoteza jeni ya ile protini ambayo kikaseti chaitafuta, ikabidi 2016 wabadilishe vipimo nchi nzima. Baadaye Ethiopia na Djibouti nao wakakutana nayo. Ethiopia ni jirani yetu, na Mombasa ni bandari, watu waingia na kutoka kila siku. Uchambuzi wa 2011 haukuwa na habari hizo kwa hivyo lazima kazi hii irudiwe kila baada ya muda.

Dengi mwaijua. Ilitupiga 2013, 2014, tena 2017, halafu chikungunya ikaja juu yake mwisho wa 2017 mpaka 2018, mji mzima watu watembea wameinama. Hapo kosa lilikuwa siku ya ugonjwa. NS1 (kipimo cha protini ya kirusi chenyewe) yafaa siku za mwanzo za homa, IgM (kingamwili za mwanzo) yaanza kuonekana kama siku ya tano hivi, kwa hiyo mtu akija siku ya pili ukampima IgM peke yake ukamwambia huna dengi, hujampima. Utafiti uliochanganya wagonjwa wa siku ya pili na wa siku ya tisa bila kuwatenganisha utatoa wastani ambao haumhusu yeyote. Lakini fomu nyingi hazina hata sehemu ya kuandika homa ilianza lini. Ni mstari mmoja tu kwenye fomu, kuchapisha hakugharimu kitu.

Na nisije nikawapa picha kwamba kuotesha damu ndo malaika. Kalcha yenyewe ya taifodi yakosa karibu wagonjwa wanne katika kila kumi, na ikiwa damu iliyotolewa ni kidogo au mgonjwa kashameza antibayotiki za kemisti basi hali yawa mbaya zaidi. Maana yake hata zile tafiti zinazotumia kalcha kama hakimu, hakimu mwenyewe hulala usingizi. Kwa hivyo mwenye kufanya uchambuzi lazima ajue hilo aliingize kwenye hesabu. Naliandika hili kwa sababu kuna mtu ataniambia "basi nunua mashine za kalcha kila zahanati tumalize", na hakuna kumaliza kwa namna hiyo.

Jambo jengine ambalo wengi walisahau: kipimo kizuri kisichobadilisha anachofanya daktari ni pesa iliyokwenda. 2014 ulitoka utafiti wa GeneXpert kwenye kliniki za Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na kwa majirani zetu Mbeya, Tanzania. Wagonjwa wengi zaidi walianza dawa siku ile ile, lakini baada ya miezi sita hali zao hazikuwa tofauti na wale waliopimwa kwa darubini, na sababu moja ni kwamba madaktari walikuwa washawaanzishia wengi dawa kwa kuwaangalia tu. Kwa hivyo swali la kamati lisiishie "kinagundua asilimia ngapi", liendelee: kikitoka positivu daktari wa Tudor au Port Reitz atafanya nini ambacho hangefanya, na kikitoka negativu ataacha kufanya nini. Kama majibu yote mawili ni "ataandika antibayotiki", bakini na pesa zenu.

Kuna mahali nimewahi kufanya kazi, sitapataja, palinunuliwa vipimo kwa sababu mwenye kuuza alileta friji ya bure ya kuwekea rijenti, yaani dawa za kupimia. Friji nzuri, sikatai, bado yafanya kazi.

Basi nachoomba, Mheshimiwa, ni vitu vya kawaida kabisa. Kwenye makaratasi ya tenda ongezeni sharti kwamba muuzaji alete uchambuzi wa jumla uliofanywa na watu wasiolipwa na yeye, na kama haupo aseme haupo. Tafuteni watu watatu wanne, mmoja wa maabara, mmoja daktari, mmoja mfamasia, mmoja wa takwimu, hata Chuo Kikuu cha Kiufundi hapo Tudor au Pwani kule Kilifi hawakosekani. Wasome wala wasifanye utafiti mpya, kusoma tu kazi za wenzao na kuzilinganisha na hali yetu. Kilifi hapo kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome tangu 1989, waotesha damu za watoto miaka na miaka, ni mwendo wa matatu moja kutoka Buxton, waombeni watusaidie kujua homa za pwani zina nini ndani. Na Widal, tafadhali, iondoeni kwenye orodha ya vipimo vya kuamua mtu atibiwe taifodi. Najua maabara za binafsi zitapiga kelele na mimi mwenyewe nitaulizwa na bosi wangu.

SHA, bima ya afya ya serikali, nao sasa ndo wanaolipia, kwa hiyo kila positivu ya uongo ina mtu anailipia pamoja na dawa zake. Hilo huenda likawashughulisha kuliko mengine yote niliyoandika, sijali, mradi liwashughulishe.

Tenda ya rijenti ijayo ikitangazwa nitaifungua niangalie kama lile sharti limo. Lisipokuwemo nitaandika tena, na nitaweka na hesabu za kila kipimo kilichoko kwenye orodha.

Wenu,
Mtu wa maabara, Kisauni